Jinsi ya kuunganisha jenereta na kadi ya data ya kompyuta

Kwa miaka mingi Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ilipata umeme wa majenereta ya dizeli ya TANESCO. Anayemiliki jenereta anajua hofu yake: injini ikichemsha bila mtu kuona, gasketi inaungua na kazi inasimama. Kompyuta yenye kadi ya kukusanya data inaweza kuilinda, ila nyaya zikiunganishwa vibaya itasoma uongo.

Kipimo kinachoingia

Themokapo aina ya K hupima tofauti ya joto kati ya ncha zake mbili. Maji ya injini yakiwa nyuzi 90 na chumba cha kadi nyuzi 30, hutoa milivolti 2.5 tu. Kadi ya biti 12 iliyowekwa kwenye volti -10 hadi +10 inasoma kwa hatua za milivolti 4.9. Yaani joto lote hilo halifiki hata hatua moja! Amplifaya ya kukuza mara 100 inashusha hatua hadi nyuzi 1.2 hivi. Sensa nyingine ndogo hupima joto la kwenye kadi, na programu inalijumlisha.

Nyaya

Waya chanya na hasi zisokotwe pamoja, zipite mbali na kebo za volti 230, kisha kila moja iingie kwenye tundu lake. Kama themokapo haigusi bodi ya injini, rezista ya kiloomu 10 hadi 100 iunganishe hasi na ethi ya kadi. Bila hiyo, namba zitaruka ovyo.

Amri inayotoka

Kadi nyingi hutoa volti 5 na miliampea chache. Solenoidi ya kufunga dizeli hutaka volti 12 au 24 na mkondo mkubwa zaidi. Ikiungwa moja kwa moja, kadi inakufa. Njia salama: kadi iwashe transista, transista ivute relei, relei ndiyo ikate dizeli. Daiodi kwenye koili ya relei huzuia umeme wa kurudi.

Kabla ya kuiamini

Themokapo ijaribiwe kwenye maji yanayochemka. Mpanda iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka karibu nyuzi 96. Kompyuta ikionyesha 100, hapo kuna kosa.