Bwawa la Mnarani na Elimu ya Kasa

Katika ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, pale Ras Nungwi penye mnara wa taa, mwamba wa matumbawe umejifanya bakuli. Bahari inapojaa, maji hupenya katika nyufa za jiwe na kulijaza bakuli hilo. Inapokupwa, hupungua pasi na kukauka. Hapo ndipo watu wa Nungwi, mwaka 1993, walipoanzisha hifadhi ndogo ya kasa, na kwa kuwa iko jirani na mnara, ikaitwa Mnarani. Si jumba la makumbusho lenye makabati ya vioo, wala si chuo chenye madawati. Ni bwawa, na ukingo wa mawe, na watu wa mahali pale wanaosimama juu ya ukingo huo wakaeleza.

Habari za bwawa lenyewe ni fupi. Kasa aliyenaswa katika nyavu hakuchinjwa, bali aliletwa hapo akatunzwa; akishapona na kukua, alirudishwa baharini. Kiingilio cha wageni ndicho kilichokuwa chakula cha kasa na ujira wa walinzi. Anayezuru mahali hapo kwa nusu saa huondoka na picha kadhaa, akadhani ameona jambo jipya lililozaliwa na utalii. Lakini habari hiyo fupi imekaa juu ya nyingine ndefu mno, ambayo umri wake unakaribia miaka elfu mbili, na bila ya kuijua hiyo ndefu, maana ya bwawa haionekani.

Kiko kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza ya zama hizi, kijulikanacho kwa jina la Periplus. Mwandishi wake, ambaye hakuacha jina, anataja kisiwa cha pwani yetu akikiita Menouthias. Wengine husema kisiwa hicho ni Pemba, wengine Unguja, wengine Mafia. Anasimulia kwamba wenyeji wana vyombo vya kushonwa na vingine vya kuchongwa kwa gogo moja, na kwamba hivyo huvitumia kuvulia samaki na kasa. Kisha anaongeza jambo lililomshangaza: watu wa kisiwa kile hutega mitego ya kusuka katika milango ya maji, baina ya mawimbi yanayovunjika, na kasa huingia humo. Mvuvi wa leo akisomewa habari hizo hatahitaji mfasiri. Vyombo vya kushonwa atasema ni mitepe, vya gogo moja ni mitumbwi, na hiyo mitego ya kusuka ni ndugu wa dema na uzio.

Kitabu hicho hakikumtaja kasa kwa ajili ya kitoweo. Kilimtaja kwa ajili ya gamba. Katika soko la Rhapta, lililokuwa bara mkabala wa visiwa hivi, gamba lilikuwa bidhaa iliyosafirishwa pamoja na pembe za ndovu, na mwandishi alilihesabu kuwa bora kuliko la kwingineko isipokuwa la Bara Hindi. Gamba hilo ni la ng'amba, ambaye mdomo wake umechongoka kama wa ndege na vipande vya mgongo wake vimepandana kama vigae vya paa. Likitiwa moto wa kadiri hulainika, likapindwa na kuchongwa litakiwavyo: chanuo, bangili, kijisanduku, mpini wa kisu, na baadaye fremu ya miwani. Tangu siku hizo hata karne ya ishirini, biashara hiyo haikukatika. Katika karne ya kumi na tisa, magamba yaliyokusanywa katika visiwa na hori za mwambao yalipita Unguja yakielekea Bombay na masoko mengine ya mbali.

Biashara ya muda mrefu hivyo haiwezi kusimama bila ya ilimu, na ilimu ya kasa ilikuwa pana. Mfano mmoja unatosha. Yuko samaki aitwaye chazo, mwenye kibandiko juu ya kichwa chake, ambaye tabia yake ni kujigandisha katika viumbe wakubwa wa baharini. Wavuvi wa mwambao walimtunza chazo akiwa hai majini, wakamlisha, wakamfunga uzi katika shina la mkia, wakaenda naye mbio za kasa. Alipoonekana kasa, chazo aliachiwa. Akamfuata, akajibandika chini ya gamba, na mvuvi akauvuta uzi taratibu. Katika miaka ya 1880, Frederic Holmwood, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, aliipeleka habari hii kwa wataalamu wa wanyama huko London, nao wakaichapisha kama ajabu. Kwa wenyewe haikuwa ajabu. Ilikuwa kazi, na iliwataka wajue chazo anakula nini, kasa anapumua baada ya muda gani, bamvua linafikisha maji wapi, na mwezi ukiwa mchanga ufukwe upi unapandwa.

Ilimu hiyo ndiyo iliyomtajirisha mwenye soko, na ndiyo iliyompunguza kasa. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini ulitiwa saini Washington mwaka 1973, ukaanza kazi mwaka 1975. Tanzania ikaukubali mwaka 1979. Japani, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa magamba kwa mafundi wake wa vito, iliendelea kuyaingiza hadi mwisho wa 1992. Kwa hiyo mwaka ule ule ambao mlango wa mnunuzi mkubwa ulikuwa umekwisha kufungwa, bwawa la Nungwi likafunguliwa. Hakuna haja ya kudai kwamba jambo moja lilizaa jingine. Yatosha kuona kwamba soko lililomfuata kasa tangu siku za Rhapta lilinyamaza, na watu wa pwani wakabaki na ujuzi ambao haukuwa tena na mnunuzi.

Hapo ndipo thamani ya Mnarani ilipo. Mtu asimamaye juu ya ukingo akiwaonyesha wageni tofauti ya kasa na ng'amba hakuanza kujifunza tofauti hiyo katika semina. Ni ujuzi wa mvuvi uliogeuzwa uso. Jicho lililokuwa likitambua ng'amba kwa bei ya gamba lake, sasa linamtambua ili asidhuriwe. Mkono uliojua kumpindua kasa chali asiweze kukimbia, sasa unajua kumnasua katika jarife bila ya kumvunja pezi. Wako watu wanaozungumzia uhifadhi kana kwamba ni mwanga ulioletwa kwa watu waliokuwa gizani. Mzee wa Nungwi hakuwa gizani, alikuwa sokoni.

Yapo, hata hivyo, ambayo mvuvi wa zamani hakuweza kuyajua kwa macho, na hayo yamekuja na utafiti. Kasa jike huchukua miaka 20 na kuendelea, pengine 30 au 40, kabla ya kutaga mara ya kwanza. Tundu moja huwa na mayai 100 au zaidi, nayo hukaa mchangani kiasi cha siku 50 hadi 60. Inakisiwa kwamba katika vitoto 1,000 ni kimoja tu kinachofikia utu uzima. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga wa moto huzaa majike, wa baridi zaidi huzaa madume. Na kasa hana kisiwa. Waliotiwa alama katika visiwa vya Shelisheli na Komoro wamekutwa katika pwani ya Tanzania, kwa hiyo anayemchinja mmoja hapa huenda amemchinja mzazi wa kule.

Jambo hilo la mwisho linamhusu hata mtu asiyewahi kuiona bahari. Bugarama, katika wilaya ya Ngara mkoani Kagera, iko kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pwani hii. Mito mikubwa ya wilaya ile, Ruvubu na Kagera, haiji huku. Hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, ikaingia Ziwa Viktoria, na maji yake yakashika njia ya Nile hadi Bahari ya Kati. Mwanafunzi wa Bugarama aweza kusema kwamba kasa si habari yake. Lakini hata bahari ile ambayo maji ya kwao huishia inao kasa, ambao hutaga katika fukwe za Uturuki na Saiprasi. Na sheria inayomlinda kasa wa Tanga na Mafia ni ya nchi yake yeye pia. Mtoto wa bara anayefikishwa katika ukingo wa bwawa kama lile la Nungwi hujifunza jambo moja ambalo ramani ya darasani haimwambii: kwamba bahari si mwisho wa nchi.

Si haki kulisifu bwawa bila ya kutaja mashaka yake. Kasa ni mnyama wa safari, na bwawa, hata likijazwa na bahari yenyewe, ni kifungo. Mgeni anayemlisha mwani mkononi hufurahi, lakini kasa aliyezoea kwamba mkono wa mtu ni chakula huenda asiukimbie mkono utakaomdhuru. Watunzaji wa hifadhi za namna hii kote duniani wamelijadili suala hilo: akae muda gani, aguswe au asiguswe, na ni fedha ya mgeni inayomfuata kasa au ni kasa anayefanywa amfuate mgeni. Zaidi ya hayo, bwawa halirudishi ufukwe. Tangu miaka ya 1990 Nungwi, kijiji cha mafundi wa majahazi, imezungukwa na hoteli. Kitoto cha kasa kinapotoka mchangani usiku hufuata mng'aro, kwa kuwa tangu zamani mng'aro ulikuwa bahari. Penye taa za majumba, hufuata taa.

Lakini shaka iliyo nzito kuliko zote haiko Nungwi. Iko ng'ambo ya mkondo, Pemba. Novemba 2021 watu 7 walifariki huko baada ya kula nyama ya kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza kusini mwa Pemba, walifariki watoto 8 na mwanamke mmoja, na wengine 78 wakapelekwa hospitali. Nyama ya kasa, na hasa ya ng'amba, huweza kubeba sumu ambayo hudhaniwa hutokana na anavyokula baharini. Haionekani kwa jicho wala haisikiki katika ladha, na moto wa jiko hauiondoi. Huwapata zaidi watoto, na mama aliyekula aweza kuipitisha kwa maziwa yake. Kasa mmoja aweza kuliwa na kijiji kizima asidhuru mtu, na wa pili, wa umbo lile lile, akaua.

Wasikilizaji wa mbali walishangaa: sheria inakataza, kwa nini wakala? Anayeuliza hivyo hajui kwamba nyama ya kasa ni kitoweo cha kugawana, ambacho jirani hampiti jirani, na kwamba heshima hiyo ya kugawana ndiyo iliyolifikisha sufuria moja katika nyumba nyingi. Katazo lilikuwapo. Kilichokosekana ni katazo lenye maana, lililosemwa na mtu anayeaminiwa, kwa maneno ya nyumbani. Baina ya ukingo wa Mnarani na jiko la Panza kuna safari fupi ya chombo, lakini elimu haikuvuka.

Pemba yenyewe imewahi kuonyesha namna ya kuivusha. Kisiwa cha Misali, magharibi yake, kilifanywa hifadhi mwaka 1998 baada ya wavuvi kupinga kisigeuzwe mahali pa hoteli. Jina lake husimuliwa kuwa limetokana na msala, kwa hadithi ya mja mwema aliyefika pale akaomba msala wa kusalia, na alipoukosa akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake. Katika miaka iliyofuata masheikh na wavuvi walikaa pamoja kuzungumza juu ya amana ya viumbe, na mafunzo ya hifadhi yakapita katika misikiti na vyuo vya Kurani, yakiwa na sauti ambayo watu walikuwa wakiisikiliza tangu utotoni. Hilo ndilo lililopasa kufika Panza kabla ya kasa kufika.

Oktoba 2025, katika mkutano wa Abu Dhabi, shirika la kimataifa la uhifadhi lilitangaza kwamba kasa wa kawaida, yule wa majani, kwa hesabu ya dunia nzima ametoka katika orodha ya walio hatarini. Ng'amba bado yumo, katika daraja la hatari kubwa kabisa. Habari hiyo njema ni tunda la kazi ya miaka 40 na zaidi katika fukwe nyingi, na sehemu yake ndogo ni ya watu waliosimama juu ya mawe ya Nungwi. Vitoto vilivyoachiwa baharini katika miaka ya mwanzo ya Mnarani, kama viko hai, sasa ndiyo kwanza vinafikia umri wa kutaga. Jike atakayepanda ufukweni usiku mmoja wa bamvua hatamkumbuka aliyemwachia, ambaye huenda ni mzee sasa, au amekwisha kwenda zake. Atatafuta mchanga ulio mkavu na ulio gizani, na mvuvi atakayepita na karabai yake ndiye atakayeamua kama aizime au aende kuwaita wenziwe.