Waliofufua mfereji wa kale bila malipo

MFEREJI wa Kennet na Avon, kusini mwa Uingereza, ni ushahidi kwamba raia wa kawaida wanaweza kuokoa turathi iliyokaribia kupotea. Ulikamilika mwaka wa 1810 chini ya mhandisi John Rennie, na kuwezesha mashua za mizigo kusafiri takriban kilomita 140 kati ya Reading na Bristol.

Kuja kwa reli kuliudidimiza. Mwaka wa 1852 ulinunuliwa na kampuni ya reli ya Great Western Railway, na kufikia miaka ya 1950 baadhi ya sehemu zake hazikupitika tena. Wapenzi wake walipinga usifungwe, na mwaka wa 1962 likaundwa shirika la hisani, Kennet and Avon Canal Trust.

Waliojitolea walizoa matope, wakafyeka vichaka na kukarabati kuta za matofali. Katika kilima cha Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, kuna vyumba 29 vyenye malango, ambavyo hujazwa au kupunguzwa maji ili mashua zipande au kushuka. Ni hapo ambapo Malkia Elizabeth II aliufungua upya mfereji huo mwaka wa 1990.

Hata hivyo, kazi haikuishia hapo. Malango ya mbao hudumu miaka 25 hivi, kisha sharti yabadilishwe. Huko Crofton, waliojitolea hutunza mtambo wa mvuke wa mwaka wa 1812, uliojengwa kupandisha maji mferejini. Mfereji ukikosa watu wa kuutunza, matope na magugu hurejea.