Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Sauti ya snea unayoisikia kwenye biti nyingi za mtaani ina umri mkubwa kuliko prodyuza aliyeibandika pale. Ilikatwa kutoka rekodi ya zamani, ikasafishwa, ikapewa jina jipya, ikauzwa ndani ya kifurushi pamoja na nyingine mia. Tunaitumia, tunaicheza, shoo inaendelea. Lakini siku utakapotaka snea yako mwenyewe, ile ya kina, ya chuma, inayolia hadi mlinzi wa geti anageuka, utaingia dukani na kuuliza swali moja tu: ni bei gani? Historia ya hii ngoma inasema kuna maswali matatu ya kuuliza kabla ya hilo. Imetengenezwa na nini? Imewambwa vipi? Inalia ndani ya chumba gani?

Tuelewane kwanza. Snea ni ile ngoma inayokaa katikati ya magoti ya mpigaji, yenye nyuzi za waya chini yake zinazotoa ule mlio wa "chwaa". Nyingi zina kipenyo cha inchi 14. Kina cha kawaida ni inchi 5 au 5.5. Ikifika 6.5 kwenda juu, hiyo ni snea ya kina. Na wapiga ngoma tukisema chuma tunamaanisha metali yoyote: chuma chenyewe, alumini, au shaba ya manjano kama ya tarumbeta.

Babu zake snea walikuwa vitani. Huko Ulaya, kufikia karne ya 15, askari wa miguu wa Uswisi walitembea kwa filimbi na ngoma. Kwenye kelele za vita sauti ya kamanda haifiki popote, kwa hivyo ngoma ndiyo ilisema: songa, simama, rudi nyuma. Ilikuwa ya kina kirefu, ikining'inia kiunoni, na chini yake zilipita nyuzi za utumbo wa mnyama. Mizinga ya mbao ilitangulia, kisha majeshi, la Uingereza likiwemo, yakatumia pia mizinga ya shaba.

Ngoma za aina hiyo zilifika pwani yetu na bendi za kijeshi na za misheni. Hapo ndipo mambo yalinoga. Vijana wa Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, waliziangalia zile gwaride, wakachukua walichokipenda na kuanzisha Beni, jina lililotokana na "bendi". Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu ngoma hiyo, kikatoka mwaka wa 1975. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, vikundi vilivyoshindana kwa mavazi, vyeo na midundo hadi mji mzima ukagawanyika. Ngoma ya kutoa amri ikawa ngoma ya kujigamba. Mwaka wa 1921 Jeshi la Wokovu nalo likaanza kazi Kenya. Kwa hivyo ukisikia snea ikipita barabarani Jumapili asubuhi, usidhani ni kitu kilichoingia juzi na muziki wa roki.

Mwaka wa 1909, ndugu wawili, William na Theobald Ludwig, walianzisha kampuni yao Chicago. Miaka ya 1920 wakaanza kuuza snea ya shaba ya manjano iliyopakwa nikeli nyeusi, inayojulikana kama Black Beauty. Wapiga ngoma bado wanaitafuta mpaka leo.

Tatizo la enzi hizo lilikuwa ngozi. Ilikuwa ngozi ya ndama, na ngozi halisi hufuata hali ya hewa. Unyevu ukizidi inalegea, jua likiwaka inakaza. Mpigaji angeiwamba mchana, usiku ikawa ngoma nyingine kabisa. Wazee wetu walikuwa na dawa yao: kuiota ngoma moto kabla ya kucheza. Mwaka wa 1957, Remo Belli, mpiga ngoma wa California, alianzisha kampuni iliyouza ngozi za plastiki. Tangu hapo ungeweza kuwamba ngoma leo na kuikuta kesho karibu vile ulivyoiacha.

Kisha ikaja alumini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ludwig walitoa Supraphonic, ngoma ya alumini iliyopakwa kromu. Ile ya inchi 6.5 ndiyo aliyojulikana nayo John Bonham wa Led Zeppelin. Majira ya baridi ya 1970 kuingia 1971, bendi yake ilikuwa Headley Grange, nyumba ya mashambani Uingereza iliyojengwa mwaka wa 1795 kuwa makao ya maskini. Ngoma ziliwekwa kwenye ukumbi wa chini. Fundi Andy Johns akaning'iniza maikrofoni mbili juu kwenye ngazi, kisha sauti ikapitishwa kwenye mashine ya mwangwi. Hiyo ndiyo "When the Levee Breaks". Mwaka wa 1986 Beastie Boys waliukata mdundo huo wakaanzia nao albamu yao ya kwanza, na hip hop haijauacha.

Sasa angalia vizuri. Unachokisikia pale si ngoma tu. Ni alumini, ni ngozi zilizokazwa na kuachwa ziimbe, ni mkono wa Bonham, na ni ngazi. Ukinunua ngoma ileile ukaipiga kwenye chumba chako cha kupanga, chenye godoro na pazia, haitalia hivyo. Pesa yako haitanunua ngazi.

Mwaka wa 1991 Nirvana walirekodi *Nevermind* Los Angeles. Snea ya Dave Grohl ilikuwa ya shaba nzito ya kumimina, na ilikuwa ya kukodi. Ndiyo, ya kukodi. Kama wao walikodi, wewe na mimi hatuna sababu ya kulia.

Kwa hivyo chagua kwa sikio. Alumini hutoa sauti kavu na safi inayokwisha mapema, nzuri kwa studio. Shaba ina joto na milio mingi ndani yake. Chuma ni kikali na kinapiga kelele. Kwenye ukumbi mdogo kitawafukuza watu. Kina kikiongezeka unapata sauti nzito na nguvu zaidi, lakini nyuzi huchelewa kidogo ukipiga polepole. Kama unapigia kwaya ya kanisa dogo, fikiria hilo mara mbili.

Halafu kuwamba. Mimi chuo sikumaliza, lakini hii haihitaji digrii. Methali inasema mwamba ngoma huvutia kwake. Ni kweli kwa watu, ila ukiifanyia snea hivyo umeiua. Ukikaza skrubu moja, inayofuata ni ile inayoikabili upande wa pili, robo mzunguko kwa wakati mmoja. Gonga ngozi inchi moja kutoka kila skrubu, usikilize: zote ziseme neno moja. Ngozi ya chini ni nyembamba, na wengi huikaza kuliko ya juu. Nyuzi zikaze mpaka mtetemo uwe safi, kisha acha. Ukizidisha unaikaba ngoma koo. Mlio ukibaki mrefu sana, kipande cha utepe karibu na ukingo kinatosha.

Na watu? Huko methali inashikilia. Wimbo wa gharika ulirekodiwa kwanza mwaka wa 1929 na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, kuhusu mafuriko ya Mississippi ya 1927 yaliyowang'oa Wamarekani Weusi wengi makwao. Clyde Stubblefield alipiga mdundo wa "Funky Drummer" ya James Brown mwaka wa 1969. Ukakatwa kwenye nyimbo nyingi mno, na yeye, kwa kuwa hakutajwa kama mtunzi, hakupata mrabaha. Alifariki mwaka wa 2017. Kila mmoja alivuta ngozi upande wake, na mpigaji akabaki na vijiti mkononi.

Ukirekodi snea yako wiki hii, hata kwa simu, andika kwenye faili jina la aliyepiga, tarehe, na mlikubaliana nini kuhusu pesa. Kisha utume.