Msimu wa 2000/01 na Mageti ya Ellis Park

Sisi tuliokulia katika utani wa Simba na Yanga hatuhitaji kuelezwa maana ya Kaizer Chiefs kukutana na Orlando Pirates. Jumatano usiku, Aprili 11, 2001, Ellis Park ya Johannesburg ilikuwa imekwisha kufurika, na maelfu wengine wakisukumana nje. Pirates waliposawazisha, 1-1, msukumo ukazidi. Wakafa watu 43.

Timu hizo hizo, kule Orkney, Januari 1991, walikuwa wamekufa 42! Tume ya Jaji Ngoepe ilitaja kukadiria vibaya idadi ya watazamaji, na kutojifunza ya nyuma. Sisi wahandisi tungeanza na hesabu ya mageti. Ubingwa wa msimu ule waliuchukua Pirates.