Weupe wa Mwangwi: Ultrasaundi Inavyoupima Msuli wa Mtu Mzima

Watu wawili wanaweza kuwa na mapaja ya unene uleule, mmoja akainuka kitini bila kushika popote, mwingine asiweze mpaka ashikwe mkono. Futi ya fundi cherehani haiioni tofauti hiyo. Ultrasaundi huweza kuidokeza kwa kipimo ambacho wataalamu hukiita ekointensiti. Kwa Kiswahili napendekeza kiitwe weupe wa mwangwi.

Mashine hupeleka mwilini mawimbi ya sauti ambayo sikio letu haliyasikii, yenye masafa yanayozidi mitetemo 20,000 kwa sekunde. Yanapofika kwenye mpaka wa tishu mbili zisizofanana, sehemu yake hurudi, nayo huchorwa kwenye skrini: mwangwi mkubwa huwa nukta nyeupe, mdogo huwa nyeusi. Msuli wa kijana mwenye afya hurudisha mwangwi kidogo, hivyo huonekana mweusi wenye michirizi. Umri unaposonga, hasa kwa asiyefanya mazoezi, mafuta na tishu unganishi hujipenyeza kati ya nyuzi za msuli, na picha hupauka. Kompyuta huipa kila nukta namba, kuanzia 0 ya weusi kamili hadi 255 ya weupe kamili, kisha hutoa wastani.

Wastani huo ukipanda, mara nyingi nguvu za msuli huwa zimeshuka. Ndiyo maana tafsiri ya “nguvu ya mwangwi” ingepotosha: tungesema nguvu imeongezeka kumbe mtu anadhoofika. “Mng’ao” nao huashiria uzuri. “Weupe” hutaja kile hasa kinachoonekana na kuhesabiwa.

Hata hivyo, namba hii haisimami peke yake. Mipangilio ya mashine na mafuta yaliyo chini ya ngozi huibadilisha, kwa hiyo vipimo vya mashine mbili havilinganishwi hivihivi. Tena, picha si utendaji. Mwaka 2018 kikundi kazi cha Ulaya kuhusu sakopenia, yaani kupungukiwa misuli na nguvu uzeeni, kilihuisha mwongozo wake na kutanguliza nguvu mbele ya wingi wa misuli. Weupe wa mwangwi usomwe pamoja na nguvu ya kubana kiganja na wepesi wa kuinuka kitini.

Na mzee akiambiwa msuli wake umepauka, aambiwe papo hapo kwamba mazoezi ya kuinua uzito huongeza nguvu hata uzeeni.