Wingu, mfumo au kifurushi?

Ingia kwenye ofisi ya shirika dogo pale Mugumu au Tarime mjini, uulize kama wanatumia programu za wingu. Huenda ukatazamwa tu. Uliza kama wana mfumo, na maelezo hayataisha: mfumo wa kuandikisha wanachama, mfumo wa kutuma ripoti kwa wafadhili, na ule ambao tangu asubuhi "unasumbua". Hata Tume ya Maendeleo ya Ushirika ilipovitengenezea vyama vya ushirika chombo cha namna hiyo, ilikiita MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika. Katibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa anaingia humo kwa nywila yake, na kompyuta inayofanya kazi hiyo haiko ofisini kwake. Wataalamu huliita jambo hilo wingu. Katibu ana neno lake, na linamtosha.

Wingu lenyewe limetoka mbali. Wahandisi wa simu na mitandao walikuwa wakichora michoro yao, na pale wasipotaka kueleza kilichomo katikati, walipafunika kwa kiwingu. Mwaka 2006 Amazon ilianza kukodisha nguvu ya kompyuta zake kwa saa, na mwaka huohuo Eric Schmidt, aliyekuwa mkuu wa Google, akalitaja neno hilo hadharani. Alama ya kuficha ikageuka jina la bidhaa. Sisi tukalitafsiri kama lilivyo.

Ugomvi wangu na tafsiri hii ni kwamba Kiswahili kilikuwa na mawingu yake tayari. Mtu aliye mawinguni ni yule ambaye mwili upo na akili haipo. Wingu zito hutanda nyumbani kwenye msiba. Na kwenye vilima vya Tarime, wingu ni mvua ya mgomba na mbuni, mvua ambayo hakuna aliyewahi kuiletea ankara. Ukimwambia mhasibu kwamba hesabu zake "ziko kwenye wingu", umemwambia kwamba hazishikiki, na kwamba pengine ni za bure. Yote mawili si kweli. Ziko kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ndani ya jengo lenye kuta, kiyoyozi na mlinzi, na mwenye jengo anadai kodi.

Neno la kodi hiyo tunalo, na kila mwenye simu au king'amuzi analijua: kifurushi. King'amuzi umenunua, dishi liko juu ya paa, lakini kifurushi kikiisha unatazama kioo cheusi. Programu za wingu ndivyo zilivyo. Ningeziita programu za vifurushi, na wingu likabaki kuwa jina la mahali zinapokaa. Mtu akishasikia kifurushi, anauliza mwenyewe maswali yanayostahili: cha muda gani, cha watu wangapi, na kikikatika inakuwaje?

Tufanye hesabu. Shirika la watu sita linalipia programu ya uhasibu dola 10 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, yaani dola 720 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2023, dola moja ilipokuwa karibu shilingi 2,330, hiyo ilikuwa shilingi 1,677,600. Katikati ya 2024 dola ilipofika 2,650, ankara ileile ikawa shilingi 1,908,000. Muuzaji hajapandisha hata senti, na wewe umeongeza 230,400, kabla ya kuhesabu VAT ya asilimia 18 na bando la intaneti. Bajeti ya shirika dogo huandikwa mara moja kwa mwaka, na huandikwa kwa shilingi.

Hata hivyo, kwa watu sita mimi bado ningelipia. Wanaosema seva ya ofisini ni rahisi huhesabu siku ya kuinunua tu. Hawahesabu betri ya kuivusha umeme unapokatika, fundi wa kuitwa kutoka Mwanza, wala siku mwizi anapoibeba pamoja na nakala rudufu iliyokuwa kwenye droo ya meza ileile. Hesabu hugeuka pale watumiaji wanapokuwa wengi na kila mmoja anagusa programu mara moja kwa wiki. Bei inayotozwa kwa kichwa haijui kwamba mjitolea wa kijijini hana mshahara.

Wilaya ya Serengeti ina mfano mzuri wa njia ya tatu. Mugumu kuna nyumba salama ya Hope for Girls and Women in Tanzania, shirika lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, inayopokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Shida ya zamani ilikuwa kujua njia ya kumfikia anayeomba msaada: simu inapigwa usiku kutoka kitongoji ambacho hakimo kwenye ramani yoyote. Tangu 2015 mradi wa Crowd2Map umekuwa ukijaza pengo hilo ndani ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni. Wajitolea wa nchi mbalimbali huchora nyumba na njia kwa kutazama picha za satelaiti, na wenyeji wenye simu wakaongeza kile ambacho satelaiti haikioni: jina la kijiji, shule, zahanati. Hilo nalo ni wingu, ila halitozi kwa kichwa, kwa sababu gharama zake hubebwa na michango. Na ramani yake hupakuliwa kwenye simu, ikafanya kazi pasipo mtandao.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo ningeilipia kuliko zote. Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na nchi nzima ikataabika. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Programu isiyofunguka bila mtandao ilikuwa kioo cheusi, hata kwa aliyekuwa amelipia mwaka mzima.

Majina ya wasichana wenyewe ni habari nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na wingu la kukodi mara nyingi liko nje. Ramani ya njia inaweza kuwa ya dunia nzima. Orodha ya waliolala nyumba salama jana usiku haiwezi, na kifurushi chake kikiisha lazima mwenye orodha awe ameshaichukua yote, kwa faili linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Hilo huulizwa kabla ya kulipa.