Jumba la Chama, Jumba la Umma

Mwishoni mwa miaka ya 1960, chama tawala cha KANU kilitaka makao makuu katikati ya Nairobi. Ramani ilichorwa na Karl Henrik Nøstvik, Mnorwei, pamoja na David Mutiso, Mkenya aliyekuwa msanifu majengo wa serikali. Lilikusudiwa jengo la kiasi tu. Ilipofahamika kuwa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) zitakutana Nairobi mwaka 1973, ramani ikapanuliwa, jengo likapanda hadi ghorofa 28, mita 105. Ndilo Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, KICC.

Mnara wake wa rangi ya udongo umesimama kando ya ukumbi wenye paa lililochongoka kama la nyumba ya msonge. Uani ameketi Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, katika sanamu ya shaba. Septemba 1973, Robert McNamara, rais wa Benki ya Dunia, aliwahutubia wajumbe hapo kuhusu umaskini wa vijijini.

Wageni walipoondoka, jogoo, alama ya KANU, alibaki. Enzi za chama kimoja, nani angethubutu kuuliza jumba ni la nani? Swali lilisubiri hadi KANU iliposhindwa uchaguzi wa Desemba 2002. Februari 2003, serikali ya Mwai Kibaki ililitwaa, ikisema lilijengwa kwa fedha za umma. KANU ilipinga vikali.

Kulitwaa hakukutosha. Tarehe 30 Desemba 2007, kura za urais zikijumlishwa humo humo, askari waliwatoa watu ukumbini, na mshindi akatangazwa kupitia kituo cha utangazaji cha taifa pekee. Katika machafuko ya uchaguzi ule waliuawa watu zaidi ya 1,100. Jumba lilikuwa la umma, lakini siku hiyo umma ulifungiwa nje.

Katiba ya 2010 ikapiga marufuku picha ya mtu yeyote kwenye pesa. Noti mpya za 2019, kuanzia ya shilingi 50 hadi ya 1,000, zote zikachapwa picha ya KICC. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani kwa sababu sanamu ya Kenyatta nayo inaonekana, kesi ikatupwa.

Mimi naona alifanya vyema kuuliza. Kuanzia umiliki wake hadi noti mfukoni, kila hatua ya jumba hili kuwafikia wenyewe ilitokana na watu waliokataa kunyamaza. Wanaolisimamia leo wameshika amana, na mwenye amana ana haki ya kuikagua.